Nasoma herufi hadi mstari wa mwisho, lakini nimeambiwa presha imeshagusa mishipa ya macho. Inawezekanaje?

Mtengeneza Saa

Salamu kwenu nyote. Nina miaka 58 na kazi yangu ni kutengeneza saa za mkono. Naitaja kazi kwa sababu swali langu ni la macho, na macho ndiyo yanayonilisha. Nikishaweka lenzi jichoni, skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga naiokota kwa kibanio na kuirudisha kwenye tundu lake mara moja. Sijawahi kulalamikia macho, isipokuwa siku hizi nasogeza maandishi mbali kama watu wengi wa umri wangu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kupima miwani ya kusomea. Herufi za ukutani nilizisoma hadi mstari wa chini kabisa, kulia na kushoto. Nikajua nimemaliza. Kijana aliyekuwa akinipima akasema maadamu nimeshafika, ni vizuri atazame na nyuma ya jicho. Akanitilia matone ya kupanua mboni, akasubiri, akapiga picha. Kisha akakaa kimya muda mrefu akiitazama. Aliponigeukia, aliniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mzee, mara ya mwisho kupima presha ilikuwa lini?" Sikuweza kukumbuka. Akapima hapo hapo: 182 kwa 108. Nikapumzika, akarudia: 176 kwa 104.

Aliniandikia barua niipeleke kwa daktari siku ileile. Nimeinakili: "Ateri za retina zimesinyaa. Zinabana vena mahali zinapopishana. Jicho la kushoto lina michirizi miwili ya damu na doa moja jeupe kama pamba. Neva ya jicho haijavimba." Daktari ameagiza vipimo vya mkojo na damu kwa ajili ya figo na sukari, moyo umepimwa, na nimeanza kumeza kidonge kimoja kila siku.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Sikuumwa kichwa, sikuona ukungu, sikusikia kizunguzungu. Nimerudi kwenye meza yangu ya kazi na bado naona kila kitu. Kama damu imevuja ndani ya jicho, mbona jicho halikuniambia? Je, hii ndiyo ile presha ya macho inayopofusha watu? Mishipa iliyosinyaa hurudi ilivyokuwa? Halafu kuna jingine: nilimwomba daktari anipe dawa kali tuishushe kwa siku moja au mbili, akakataa, akasema twende taratibu. Sikumwelewa, na niliona haya kumuuliza mara ya pili.

Mpiga Picha wa Kliniki ya Macho

Shikamoo mzee wangu, na pole. Mimi si daktari. Kwa miaka 19 kazi yangu imekuwa kupiga picha za nyuma ya jicho: mgonjwa anaegemeza kidevu kwenye mashine, namwambia atazame kitaa cha kijani, asipepese, kisha namulika. Picha kama yako nimeziona nyingi, na wenye picha hizo karibu wote huniambia neno hilo hilo lako, kwamba mbona naona vizuri. Kwa hiyo nianzie hapo.

Retina ni utando uliotandazwa nyuma ya jicho, unene wake kama robo ya milimita. Kazi ya kusoma, na ya kuona skrubu zako, hufanywa na eneo dogo sana katikati yake liitwalo makula. Mishipa mikubwa ya damu hulizunguka eneo hilo kwa mbali, upinde mmoja juu na mwingine chini, na katikati kabisa ya makula hapana mshipa hata mmoja. Ubao wa herufi unapima hapo katikati tu. Michirizi yako ya damu bila shaka iko pembeni, la sivyo herufi zingekupiga chenga. Na hata ikifunika kipande kidogo cha pembeni, jicho la pili linaziba pengo. Kila jicho la binadamu lina doa lisiloona kitu kabisa, pale neva inapotokea, na wewe umeishi nalo miaka 58 bila kulihisi. Isitoshe, retina haina hisia ya maumivu. Inaweza kuvuja damu, kukosa damu, hata kubanduka, bila kukuuma hata kidogo.

Sasa mishipa yenyewe. Ateri ndiyo inayoleta damu kwenye retina, vena ndiyo inayoirudisha. Ateri kubwa unayoiona kwenye picha, pale inapochomoza kwenye neva, ina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Kutoka hapo inagawanyika, na kila tawi ni jembamba kuliko lililotangulia. Ukuta wake una misuli. Presha ikipanda, misuli hiyo hujikaza yenyewe bila kuamrishwa, kwa sababu neva zinazoongoza mishipa ya sehemu nyingine za mwili hazifiki kwenye mishipa ya retina. Inajikaza ili kuvikinga vishipa vya mbele yake, vile vyembamba kabisa ambamo chembe nyekundu za damu hupita kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Mwanzoni huo ni ulinzi mzuri, na presha ikishuka misuli hulegea. Isiposhuka mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, ukuta unaanza kunenepa kuelekea ndani. Misuli inachakaa, nafasi yake inachukuliwa na nyuzi ngumu, na njia ya damu inabaki nyembamba hata wakati mshipa ulipopaswa kulegea.

Hilo mimi naliona kwa rangi. Ukuta wa mshipa mzima hauonekani, kama kioo safi. Tunachokiona ni damu iliyomo ndani, pamoja na mstari mwembamba wa mwanga unaorudi kutoka mgongoni kwake. Ukuta ukinenepa, mstari ule wa mwanga unapanuka na mshipa unakuwa na rangi ya waya wa shaba. Ukizidi kunenepa, damu haionekani tena na mshipa unang'aa kama waya wa fedha. Hayo si majina yangu, ndivyo wataalamu wanavyoiita. Naangalia pia upana. Ateri huwa nyembamba kuliko vena iliyo jirani yake, kama 2 kwa 3. Nikiona imefika 1 kwa 2, au chini ya hapo, nasimama na kutazama tena.

Barua yako imetaja mahali ateri na vena zinapopishana. Hapo ndipo mimi hutazama muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Ateri na vena zikikatana kwenye retina, zinavaa koti moja la nje. Hazina nafasi ya kukwepana. Ateri ikishakuwa ngumu, inailalia vena ambayo ni laini, na kwenye picha vena inaonekana kama imekatwa pande zote mbili za ateri, halafu inaendelea. Aliyeieleza alama hiyo ni Robert Marcus Gunn, daktari wa macho wa London, mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Makutano hayo yana maana kwa sababu vena iliyobanwa hivyo inaweza kuziba. Sikuelezi hili ili uogope. Nataka ujue kwa nini daktari amelichukulia kwa uzito.

Michirizi ya damu ina umbo la mwali wa moto kwa sababu damu imevujia kwenye tabaka la juu la retina, ambako nyuzi za neva zimelala sambamba kama nyuzi za kitambaa. Damu inafuata njia ya nyuzi. Ikivuja ndani zaidi huwa nukta ya mviringo. Doa la pamba ni jambo jingine, na wengi hudhani ni usaha au uchafu. Ni mahali ambapo kishipa kidogo kimeziba, nyuzi za neva zikakosa damu, na vitu vilivyokuwa vikisafirishwa ndani ya nyuzi hizo vikakwama na kuzivimbisha. Ndiyo maana ni jeupe na kingo zake zimefifia.

Je, ndiyo presha ya macho? Hapana. Presha ya macho ni msukumo wa maji yaliyomo ndani ya jicho. Ikipanda na kuiharibu neva huitwa glakoma, na hupimwa kwa kifaa kingine kabisa. Kwa kawaida inakuwa kati ya 10 na 21. Ungekuwa na 182 kwenye jicho, jicho lisingekuwepo. Mtu anaweza kuwa na moja, na nyingine asiwe nayo, kwa hiyo dawa ya matone ya glakoma haishushi presha yako ya mwili, wala kidonge chako hakitibu glakoma.

Kuhusu kurudi: damu hunyonywa na mwili baada ya wiki kadhaa. Doa la pamba hufifia vivyo hivyo, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja na nusu hadi mitatu. Kusinyaa kunaweza kulegea kiasi, hasa kama ukuta haujawa mgumu sana. Alama za makutano kwa kawaida hubaki. Nimepiga picha za watu ambao presha yao imekuwa nzuri miaka kumi na bado alama ziko palepale, ila hakuna kipya kilichoongezeka. Hicho ndicho ninachokutakia.

Neno moja zaidi, na hili nimelifikiria kabla ya kuliandika. Mwaka 1939, Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic, Marekani, waliwagawa wagonjwa wa presha katika makundi manne kwa kutazama retina zao, kisha wakawafuatilia. Baada ya miaka mitatu, kundi la kwanza, lenye mishipa iliyosinyaa kidogo, asilimia 70 walikuwa hai. Kundi la nne, lenye neva iliyovimba, asilimia 6. Nakuomba usome mwaka vizuri: 1939. Dawa unazomeza wewe hazikuwepo. Nimeyataja ili ujue yule kijana aliona nini. Mishipa ya retina ni ndugu wa mishipa ya ubongo na figo, ina ukubwa na tabia zinazokaribiana, na tangu Hermann von Helmholtz alipochapisha maelezo ya kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851, hapo ndipo mahali ambapo daktari anaweza kuiona mishipa hiyo ikiwa wazi, bila kupasua ngozi. Alipokuuliza kuhusu presha alikuwa anauliza kuhusu mwili wako wote.

Fundi Cherehani

Kaka, mimi ni mmoja wa wale ambao vena iliziba. Nimesoma maelezo ya ndugu hapo juu mara mbili na kila neno nimelipitia mwilini mwangu.

Nilijua nina presha. Nilipewa dawa, nikameza miezi minane, nikajiona mzima, nikaacha. Hakuna aliyeniambia niache. Niliacha kwa sababu sikuwa nasikia tofauti kati ya siku niliyomeza na siku niliyosahau. Miaka mitatu baadaye, asubuhi moja, natunga uzi kwenye sindano ya cherehani kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikashindwa. Tundu la sindano lilikuwa na moshi. Nikafuta miwani, nikafuta sindano, nikasogeza taa. Ilinichukua karibu siku nzima kugundua kwamba ni jicho la kulia peke yake, na nusu ya chini tu. Niligundua kwa bahati, nilijikuna kope ya kushoto na ulimwengu wa chini ukapotea.

Daktari alinionyesha picha. Sehemu ya juu ya retina ilikuwa nyekundu kama mtu amepiga brashi ya rangi, kuanzia kwenye makutano ya ateri na vena kwenda nje. Akanieleza kwamba jicho linaona mambo kichwa chini, hivyo damu ikiwa juu, giza linakuwa chini. Makula ilikuwa imejaa maji. Nilichomwa sindano ndani ya jicho. Najua neno hilo linatisha, lakini wanatia dawa ya ganzi kwanza na nilichohisi ni kama kubonyezwa. Nilichomwa kila mwezi mwanzoni, baadaye kwa kupishanisha. Maji yamekauka. Nasoma tena kwa jicho hilo, ila mistari iliyonyooka bado inapinda kidogo, na kushona nguo nyeusi kwa uzi mweusi nimewaachia wanangu.

Ninachokuomba ni kitu kidogo. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, ziba jicho moja kwa kiganja, tazama kitu chenye mistari iliyonyooka, fremu ya dirisha inatosha, kisha ubadilishe. Sekunde kumi kila upande. Wewe unafanya kazi na lenzi kwenye jicho moja, na naamini ni jicho lile lile kila siku. Jicho la pili linaweza kuharibika mwezi mzima usijue.

Mtengeneza Saa

Dada, nimeacha kazi niliyokuwa nayo mkononi kukujibu. Ni kweli, natumia la kulia miaka yote, na lenye damu ni la kushoto. Sikuwahi kuliunganisha hilo. Nimeziba sasa hivi na kutazama dirisha. Mistari imenyooka pande zote mbili. Nashukuru sana.

Muuguzi wa Zamu

Shikamoo baba. Swali lako la kushusha haraka halijajibiwa, na ndilo linaloniumiza mimi kila wiki, kwa hiyo nalichukua.

Mishipa yako imezoea msukumo mkubwa. Imejikaza kwa kiwango hicho. Ubongo, moyo, figo na neva ya jicho vimepanga mtiririko wao wa damu kulingana na 180, si 120. Ukiishusha ghafla, mishipa iliyokazana haiwahi kulegea, na damu haifiki mwisho wa njia. Watu wamepata kiharusi kwa njia hiyo, na wengine neva ya jicho imekosa damu wakaamka hawaoni, wakati kipimo mkononi kinaonyesha namba nzuri kabisa. Zamani ilikuwa kawaida kutoboa kapsuli ya nifedipine na kuimwaga chini ya ulimi wa mgonjwa ili presha ianguke upesi. Tuliacha kwa sababu hiyo hiyo. Hata yule aliyefika hospitalini katika hali ya dharura, neva zote mbili zimevimba, amelazwa na anapimwa kila baada ya dakika chache, kwa kawaida madaktari hawashushi zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Wewe hukuwa katika dharura hiyo: neva yako haijavimba, huna maumivu ya kifua, hujachanganyikiwa. Kwako wiki chache hadi miezi michache ni mwendo sahihi. Daktari wako alikuwa anayalinda macho yako alipokukatalia, na ukirudi muulize tu. Kueleza hivyo ni sehemu ya kazi yetu.

Kuna siku ambayo hutakiwi kusubiri miadi: uono ukififia ghafla, jicho moja au yote mawili, kichwa kikiuma isivyo kawaida, ukitapika, ukichanganya maneno, mkono ukilegea, kifua kikibana. Siku hiyo ni hospitali moja kwa moja. Na anayesoma hapa ambaye ni mjamzito, ukiona vimulimuli au ukungu, usimeze dawa ya jirani, nenda siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba huanza hivyo, na katika hali hiyo retina inaweza hata kujaa maji na kubanduka. Mara nyingi hurudi mama akishajifungua na presha ikatulia, lakini kwanza mama awe hai.

Sasa kipimo, maana utaanza kujipima na nimeona madaftari mengi yaliyojaa namba zisizo na maana. Kojoa kwanza. Usiwe umetoka kuvuta sigara au kunywa kitu chenye kafeini ndani ya nusu saa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu yote chini, usiikunje, tulia dakika tano. Mkono uwe juu ya meza, mkanda ukae usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya nguo. Usiongee. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaleta namba ya juu ya uongo, kwa hiyo hakikisha ukubwa wake. Pima mara mbili ukiachia dakika moja katikati, andika zote mbili. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Usipime kila baada ya saa moja kwa hofu; hofu yenyewe inaipandisha.

Mwenye Sukari na Presha

Naomba niingilie kidogo. Mimi nina vyote viwili. Kliniki wananisisitizia sukari kila siku, presha yangu ni 152 kwa 88 na wanasema "si mbaya sana". Kwa macho, kipi kina nguvu?

Mpiga Picha wa Kliniki ya Macho

Ndugu, vyote viwili vinagonga vishipa vilevile, na kwangu mimi 152 kwa mwenye kisukari haistahili kuitwa si mbaya. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza, UKPDS, uliochapisha matokeo yake ya presha mwaka 1998. Walichukua watu wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa pia na presha. Kundi moja lilidhibitiwa sana, wastani ukawa 144 kwa 82. Jingine wastani ukabaki 154 kwa 87. Tazama, tofauti ni 10 tu kwa namba ya juu. Baada ya zaidi ya miaka minane, hatari ya uono kushuka kwa mistari mitatu ya ubao wa herufi ilikuwa chini kwa asilimia 47 kwenye kundi lililodhibitiwa sana. Ipeleke namba yako kwa daktari na umuulize lengo lako wewe ni ngapi. Na picha ya retina piga kila mwaka hata kama huna shida yoyote.

Mtengeneza Saa

Nimerudi baada ya wiki tano, kama nilivyomwahidi mke wangu kwamba nitawapa majibu.

Muuguzi, binti yangu, nimefuata ulivyosema. Daftari langu la wiki ya mwisho lina 146 kwa 90, 142 kwa 88, 144 kwa 86, na jana jioni 138 kwa 86. Daktari ameongeza kidonge cha pili cha kiwango kidogo, na nilimuuliza lile swali nililoona haya nalo. Alinijibu karibu maneno yaleyale uliyoandika. Sukari sina. Figo zinatoa protini kidogo kwenye mkojo, na amesema tutaifuatilia. Wiki mbili za kwanza za dawa nilijisikia mchovu, kama mtu aliyepunguziwa kitu. Nilikaribia kuacha. Nikamkumbuka dada wa cherehani na tundu lake la sindano, nikameza.

Mke wangu nilimpima kwa mashine hiyo hiyo kwa ajili ya kujifunza tu. 164 kwa 98, siku tatu mfululizo. Naye alikuwa hajisikii chochote. Ameshaonana na daktari, na kesho kutwa anakwenda kupigwa picha ya macho.

Ninalo swali la mwisho kwa mpiga picha. Nikiwa natafuta karatasi za zamani, nimekuta picha za macho yangu za miaka sita iliyopita. Nilipigwa wakati naondolewa kipande cha chuma kilichoruka jichoni, na hakuna aliyeniambia lolote kuzihusu. Nimeziweka chini ya lenzi yangu kando ya hizi mpya. Sina elimu yenu, lakini katika jicho la kushoto, pale juu, vena inayopita chini ya ateri ilikuwa moja, imenyooka, haijakatika. Kwenye picha mpya imekatika pande zote mbili. Naona sawasawa, au macho ya hofu yananidanganya?

Mpiga Picha wa Kliniki ya Macho

Unaona sawasawa, mzee wangu. Kwa maelezo yako hiyo ndiyo alama yenyewe, na umeipata kwa lenzi ya saa.

Kwa hiyo badiliko hilo limetokea ndani ya miaka hii sita. Daktari wako hana njia nyingine ya kujua hivyo, kwa sababu hukuwa unapimwa presha. Safari ijayo mpelekee picha zote mbili, za zamani na mpya, halafu mwombe mtaalamu wa macho azihifadhi kwenye faili moja. Mimi nikipata picha ya zamani naiweka upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta na mpya kulia, nalenga makutano moja baada ya jingine, kama ulivyofanya wewe. Mwombe pia picha ya tatu, kwa kuwa zaidi ya wiki tano zimepita tangu dawa ianze na miezi mitatu ikifika michirizi ile ya damu inapaswa kuwa imekwisha. Isipokwisha, au ikiongezeka, daktari anahitaji kujua.

Siku hiyo usiendeshe chombo chochote kurudi nyumbani. Matone ya kupanua mboni hufifisha uono wa karibu kwa saa nne, tano, wakati mwingine zaidi, na mwanga utakuumiza. Usipange kazi ya skrubu mchana huo.

Na mama akishapigwa picha yake kesho kutwa, mwambie aombe nakala aje nayo nyumbani. Muiweke pamoja na za kwako.